Ushauri Nasaha Uwafuate Mafundi Saiti

Anayepanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, Uru, Old Moshi au Marangu hukutana na maboma ya nyumba katikati ya migomba na mibuni. Kuta zimesimama, mkanda umefungwa, nondo zimechomoza juu, na kazi imelala. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo, na fedha zake huja kwa simu, kidogo kidogo, kadiri anavyozipata. Zikija, watu wanne au watano hurudi na ndoo, mwiko na timazi, zikikatika, hutawanyika. Watu hao wanne au watano ndio mada ya mhadhara huu. Nataka kuzungumzia afya ya akili yao: msongo wa mawazo, sonona, pombe inayonywewa kama dawa, na fikra za kujiua. Dai langu ni moja. Ushauri nasaha hautawafikia watu hawa mpaka ufuate umbo la kazi yao, na umbo la kazi ya ujenzi katika mkoa huu, kwa sehemu yake kubwa, ni fundi mkuu na kundi lake dogo. Mpango wowote unaompita fundi huyo, hata ukiwa na wataalamu wazuri na fedha nyingi, utaishia kwenye semina na mabango.

Nianze na ushahidi wa mbali, kwa kuwa huko jambo hili limepimwa kwa muda mrefu. Mwaka 2017 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Uingereza ilichapisha uchambuzi wa vifo vya kujiua vilivyotokea England kati ya 2011 na 2015. Vibarua wa kiume wa kazi za chini za ujenzi walionekana kuwa na hatari ya takribani mara 3.7 ya wastani wa wanaume wa huko. Katika jimbo la Queensland, Australia, ripoti ya 2006 kuhusu wajenzi waliojiua iliwagusa waajiri na vyama vya wafanyakazi kwa pamoja, na mwaka 2008 ukazaliwa mpango uitwao MATES in Construction. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Kila mtu wa saiti husikiliza mazungumzo mafupi kuhusu dalili za mwenzake anayezama. Wachache hujitolea kufundishwa namna ya kumsogelea mtu huyo na kumfikisha kwenye msaada, na wachache zaidi hufundishwa kukaa naye katika saa ya hatari. Wapo pia maofisa wanaozunguka saiti, wanaojulikana kwa sura na kwa jina. Tarakimu za England sizihamishi kuja Kilimanjaro. Ninachokihamisha ni sababu zinazotajwa nyuma yake, kwa maana tunazifahamu vizuri: kazi isiyo na kesho, kuhama kutoka saiti hadi saiti, mwili unaochakaa mapema, na utamaduni wa wanaume unaohesabu kulalamika kuwa udhaifu.

Lakini mpango wa Queensland ulisimama juu ya vitu ambavyo saiti ya Uru haina. Ulikuta majengo makubwa yenye mamia ya watu ndani ya uzio mmoja, vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, na waajiri wanaoweza kuketi meza moja na vyama hivyo. Sisi tunazo taasisi za ujenzi na za kazi, na nyingine ni nzuri. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na wakala wake wa ukaguzi, OSHA. Ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kipo chama cha TAMICO kinachowasemea wafanyakazi wa migodi, nishati na ujenzi. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, ambao waajiri huuchangia ili mfanyakazi anayeumia kazini asiachwe mikono mitupu. Taasisi hizi humwona mkandarasi aliyesajiliwa anayejenga barabara, daraja au jengo la ghorofa. Boma la kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, hupita chini ya macho yao. Hapo mwajiri ni nani? Mwenye nyumba amempa fundi kazi kwa makubaliano ya mdomo, fundi amewaita saidia fundi kwa ujira wa siku, na saidia fundi akianguka kutoka jukwaani hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba alikuwa kazini. Huwezi kudai kipengele cha afya ya akili katika mkataba ambao haujaandikwa.

Tuutazame mzigo wenyewe kwa karibu, kwa sababu ushauri usioujua mzigo ni maneno matupu. Kuna kwanza kalenda. Masika ya Machi hadi Mei hunyesha kwa nguvu katika miteremko ya kusini ya mlima. Barabara za udongo huteleza, lori la mchanga halipandi, na tofali zilizofyatuliwa hazikauki. Kwa anayelipwa kwa siku, miezi hiyo ni ya kukopa dukani na kukwepa kupita mbele ya duka. Kisha Novemba na Desemba mambo hugeuka. Wenye nyumba wanarudi nyumbani kwa Krismasi na kila mmoja anataka kulala chini ya paa lake mwenyewe. Fundi hushika saiti mbili au tatu kwa wakati mmoja, hupaua hadi giza linaingia, na jukwaa hufungwa haraka kwa mirunda iliyobaki. Januari fedha zimekwisha na watoto wanahitaji sare na madaftari. Mwaka wa fundi, kwa hiyo, humsukuma akili kutoka pande mbili zinazopingana: uvivu wa kulazimishwa na haraka ya kulazimishwa. Msongo wa namna hiyo una majira yake kama mahindi, na kwa kuwa una majira, unaweza kutarajiwa.

Kuna pia ardhi, na hapa Kilimanjaro ina jambo lake ambalo miongozo ya kimataifa haitalitaja. Kwa mila ya urithi ya Wachagga, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa sehemu yake, wa mwisho akabaki na nyumba ya wazazi, na wa katikati walitazamiwa kutafuta pengine, kwa kufungua kihamba kipya au kushuka tambarare. Nafasi ya kufungua kihamba kipya ilikwisha zamani. Mkoa una watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2022, na vihamba vimegawanywa mpaka kingine kinatosha nyumba, mazizi na mashina machache ya migomba tu. Kihamba ndipo wazee wa ukoo walipozikwa. Nyumba iliyojengwa juu yake ndiyo kipimo ambacho jamii humpimia mwanamume: amefanya nini, amefika wapi. Sasa mfikirie kijana wa katikati asiye na kihamba, ambaye kila asubuhi anachanganya zege la nyumba ya mtu mwingine. Anakijenga kipimo kile kile ambacho yeye mwenyewe kinamhukumu, tofali kwa tofali, siku sita za juma. Sidhani kwamba kuna kazi nyingine hapa mkoani inayomweka mtu karibu hivyo na aibu yake. Na wapo mafundi wasio wa huku kabisa, waliotoka Upare, Singida au Manyara, waliopanga vyumba Pasua, Njoro au Majengo. Hao wamepunguziwa aibu ya ukoo, lakini hawana hata shangazi wa kuwauliza wameamkaje.

Mzigo huu una lugha yake. Hakuna fundi atakayekuja kusema, "Nina sonona." Atasema, "Nina mawazo," au "kichwa hakijakaa sawa," au hatasema neno, ataacha tu kuja. Katika nchi ya Zimbabwe wataalamu waliamua kuanzia kwenye neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na uamuzi huo peke yake uliwafungulia milango ambayo neno la kitabibu lingeifunga. Sisi tunalo neno tayari. "Mawazo" halimtishi mtu. Kinachomtisha ni "ugonjwa wa akili," kwa kuwa neno hilo humpeleka moja kwa moja Mirembe kule Dodoma au Lutindi kule Korogwe, hospitali ambazo zimewatibu watu wengi lakini katika masikio ya kijiweni majina yake yamegeuzwa kuwa kejeli. Na yupo mlinzi mwingine wa ukimya, ambaye ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mtenda kosa. Ghana iliondoa kosa la aina hiyo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba ya nchi yao. Kifungu chetu kikibaki, kila mshauri atakuwa akimwomba mtu aungame jambo ambalo mbele ya sheria ni kosa. Ningependa wanasheria walio karibu nasi walichukue suala hili kama lao.

Je, kuna ushahidi wowote wa hapa hapa kwamba wanaume wa aina hii wanaweza kuzungumza? Upo, na umetoka mahali ambapo wengi wetu tusingetafuta, katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971 na kuwa kimbilio la rufaa la kanda yote ya kaskazini. Watafiti wa hapo, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, waliwapima watu wanaofikishwa na majeraha, na takribani 30 kati ya kila 100 walikutwa na pombe mwilini. Utafiti mwingine wa hospitali hiyo kuhusu majeraha ya uti wa mgongo ulionyesha kwamba kuanguka ndicho chanzo kinachoongoza, mbele ya ajali za barabarani. Si wote walioanguka walikuwa mafundi, maana mlima wetu una miti mirefu na watu wanaoipanda. Hata hivyo, fundi aliyeanguka yumo ndani ya hesabu hiyo. Kutokana na kazi hiyo ukaandaliwa mpango unaoitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako. Muuguzi aliyefundishwa huketi na majeruhi kwa muda mfupi, humuuliza anakunywa kiasi gani, huliunganisha jibu lake na jeraha lililomleta, kisha humwacha aseme mwenyewe anataka kubadili nini na ataanzia wapi. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, ujumbe wa simu unaweza kumfuata kumkumbusha alichokiazimia. Hakuna mahubiri na hakuna vitisho.

Mpango huo unatufundisha mambo mawili, na moja ni la kutia moyo. Wagonjwa wa majeraha wengi wao ni wanaume, na wanaume hao walizungumza, pale walipoulizwa kwa heshima, kwa Kiswahili chao, juu ya kitu wanachokiona kwa macho, yaani mguu uliovunjika. Ukimya wa mwanamume, kumbe, hautoki katika umbile lake. Hutegemea anaulizwa nini, na nani, wapi. Jambo la pili ni chungu: ili apate mazungumzo hayo, alilazimika kwanza kuanguka. Tumeweka mlango wa ushauri chini ya jukwaa. Pombe nayo isieleweke vibaya hapa. Mbege ni chakula, ni posa, ni maridhiano ya ukoo, na mtu anaweza kuishi nayo maisha marefu ya amani. Ninayoisema ni ile ya jioni ya saiti, gongo au pombe kali ya bei ndogo inayonywewa haraka na mtu asiyetaka kufika nyumbani akiwa na akili timamu, kwa kuwa nyumbani ataulizwa fedha. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vyema. Lakini sababu ya kunywa haikufungashwa ndani ya kiroba.

Watu watauliza: nani atawashauri mafundi hawa, wakati madaktari wa akili ni wachache kiasi hiki? Swali hili Kilimanjaro imekwisha kulijibu zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipoanza kupeleka huduma za afya ya akili nje ya hospitali kubwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mikoa miwili ya majaribio ilikuwa Morogoro na huu wetu. Wazo lilikuwa kwamba mhudumu wa zahanati anaweza kufundishwa kutambua na kuhudumia matatizo ya kawaida. Miaka kumi baadaye, UKIMWI ulipoingia kila kijiji, wanawake wa Moshi waliunda KIWAKKUKI mwaka 1990, na kina mama wasio na shahada yoyote ya saikolojia wakawa wanaingia nyumba ambazo majirani waliogopa kuzikaribia, wakiketi na wagonjwa na yatima. Na kuna jaribio la karibu zaidi: watoto waliofiwa na wazazi, 640 kwa jumla, wa Moshi na vijiji vyake na wa Bungoma nchini Kenya, walipata tiba ya mazungumzo katika makundi, na waliowaongoza hawakuwa na uzoefu wowote wa afya ya akili kabla ya kufundishwa. Matokeo yalichapishwa 2020. Tiba ile ilileta nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida katika maeneo mengi yaliyopimwa, ingawa baada ya mwaka mmoja, upande wa Tanzania, watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu inayolingana. Nalitaja hilo la mwisho kwa makusudi. Anayeleta mpango mpya asiahidi muujiza.

Mfano unaotajwa zaidi barani ni Benchi la Urafiki la Zimbabwe, lililoanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006. Bibi wa mtaa aliyefundishwa huketi na mwenye mawazo kwenye benchi nje ya kliniki. Wanalitaja kila tatizo kwa jina, wanachagua moja, wanapanga hatua moja inayowezekana, na wiki ijayo wanarudi kuona imekwendaje. Jaribio la Harare lililochapishwa 2016, lenye washiriki 573 katika kliniki 24, lilionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Naupenda, lakini nausoma kwa makini: zaidi ya washiriki 8 kati ya kila 10 wa jaribio lile walikuwa wanawake, maana wanawake ndio wanaokwenda kliniki. Fundi wa Mwika hapiti kliniki saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi yuko juu ya ukuta. Mbinu ya benchi ni sahihi kwake; benchi lenyewe limewekwa mahali ambapo hatafika.

Ndiyo maana narudi kwa fundi mkuu. Siri ya mtungi muulize kata, na kata ya kundi hili ni yeye. Anajua nani amechelewa siku tatu mfululizo, nani ameacha kula na wenzake, nani ameuza vifaa vyake, nani anapanda jukwaa mikono ikitetemeka. Anajua kabla ya mke, kabla ya padri au shehe, kabla ya daktari kwa miaka. Sipendekezi awe mtaalamu wa tiba. Napendekeza afundishwe, kwa siku chache tu, kutambua dalili hizo, kuuliza swali la wazi bila kuogopa kwamba kuuliza kutamsukuma mtu, kumshusha mtu jukwaani bila kumfedhehesha, na kumfikisha mahali pamoja panapojulikana: zahanati ya kata yenye mhudumu aliyefundishwa mbinu ya benchi, na kutoka hapo hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mawenzi au KCMC kwa hali zilizo nzito. Mwingine wa kufundishwa ni mama ntilie anayelisha saiti. Yeye humwona kila mmoja kila siku, hukopesha, na hajipatii chochote kwa kumfukuza mtu kazi.

Hapa linaingia pingamizi zito kuliko yote, na linastahili kusikilizwa hadi mwisho. Fundi mkuu, wanasema, ndiye tatizo. Ndiye anayemcheleweshea kijana ujira, anayemtukana mbele ya wenzake, anayemwambia asirudi kesho. Utamfanyaje mlinzi wa afya ya mtu ambaye mkate wake umo mfukoni mwake? Sehemu ya pingamizi hili ni kweli kabisa. Kuna mafundi wakuu wakatili. Lakini tuangalie ujira unachelewa wapi. Mara nyingi fundi mkuu naye anasubiri simu ya mwenye nyumba, na anapomwambia kijana "njoo Jumatatu," anatoa ahadi asiyokuwa nayo. Yeye naye ana mawazo, na huenda ndiye mwenye mengi zaidi katika kundi lile, kwa kuwa anadaiwa kutoka juu na kutoka chini. Ndiyo sababu mafunzo yaanze kwa kumsikiliza yeye kabla ya kumpa kazi ya kuwasikiliza wengine. Na ndiyo sababu asiwe njia pekee. Kijana lazima awe na mtu wa pili asiyemlipa, awe mama ntilie, fundi wa kundi jingine au mhudumu wa zahanati, na neno alilolisema lisifike kamwe kwa mwenye nyumba. Siku ushauri utakapotumika kuchuja nani apewe kazi na nani anyimwe, utakufa, na utastahili kufa.

Pingamizi jingine husema kwamba mafundi wanahitaji fedha, hawahitaji maneno. Nakubaliana na nusu ya kwanza bila kusita. Mtu anayedaiwa kodi ya miezi mitatu haponi kwa kuulizwa anajisikiaje. Lakini ushauri ninaouzungumzia hauanzii hapo. Unaanza na deni lenyewe: ni la nani, ni kiasi gani, nani anaweza kusubiri, nani hawezi, leo utazungumza na nani. Mtu aliyelemewa huona madeni yote kuwa deni moja kubwa lisilo na mlango. Kazi ya msikilizaji ni kulivunja vipande. Tena maneno hayo hayo yanaweza kuzaa fedha. Makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya mwenye nyumba na fundi, yanayosema malipo ya wiki yawekwe kabla kazi ya wiki haijaanza, yangeondoa mawazo mengi kuliko vidonge vyovyote, na hayamgharimu mwenye nyumba shilingi ya ziada. Wenye nyumba wengi ni watu wa kawaida wanaojinyima ili wajenge kwao. Hawakuwahi kuambiwa kwamba zege lililoanza bila akiba ya kulimalizia humwacha mtu fulani njaa.

Wapo pia wanaosema tunayo familia, tunalo kanisa, tunao msikiti, na ushauri nasaha ni jambo la kigeni. Ni kweli kwamba mkoa huu una viongozi wa dini wanaosikiliza watu usiku kucha, na mpango wowote wenye akili utawaalika. Tatizo ni kwamba familia ndiyo mara nyingi inayodai, na mtu haendi kuungama kwa anayemdai. Kanisani na msikitini naye huenda aliyebaki na nguvu ya kuvaa nguo safi na kukutana na watu. Aliyezama zaidi huanza kukosa ibada, kama anavyoanza kukosa saiti. Tofauti ni kwamba saiti humkosa siku ile ile, saa moja asubuhi, kwa sababu ndoo yake haina wa kuibeba.

Imebaki gharama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka, na tangu Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani limeiweka haki ya mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi. Hoja hizo zinafaa bungeni. Kwa Moshi, hesabu ni ndogo zaidi na ningependa ifanywe na halmashauri zetu wenyewe, maana mpango ulioegemea fedha za nje hutetereka zinapokatika. Mafundi wakuu wa kata moja hawahitaji kutafutwa kwa tangazo. Maduka ya vifaa vya ujenzi yanawajua wote kwa majina, kwa sababu ndiko wanakochukua saruji na nondo, na ndiko wenye nyumba wanakouliza fundi mzuri. Orodha ipatikane huko. Mafunzo yafanyike kwenye ukumbi wa kata au wa parokia, na mhudumu wa zahanati akiwemo, ili wajuane kwa sura kabla ya siku ya shida. Yafanyike katikati ya Aprili, mvua inaponyesha na saiti zimelala, na kila fundi anayehudhuria alipwe ujira wake wa siku kwa siku zote za mafunzo, mkononi, jioni ile ile.